Kichuguu cha Tata Akisa

Nyinyi vijana mnaokodisha tingatinga kufungua shamba, sina ugomvi na nyinyi. Ningekuwa na yangu wakati ule ningelala nayo kitanda kimoja. Lakini kuna mambo ya kufungua ardhi ambayo dereva wa tingatinga hatakuambia, kwa sababu yeye jioni anaenda zake. Wewe ndiye unabaki na majirani.

Shule niliachia darasa la tatu na siombi mtu msamaha. Kazi yangu ilikuwa kung'oa visiki. Kutoka Amukura mpaka karibu na mto Malaba, ukiona shamba la zamani limenyooka, jua mgongo wangu uko ndani. Pale mnapoona matrela yamepanga laini siku mbili kungoja kuvuka mpaka, madereva wakipika chai chini ya magurudumu, palikuwa kichaka na miba, na fisi walipita mchana kama watu wanaoenda kanisani.

Kisiki hakipigwi, kinachimbwa. Kijana mgeni wa kazi anashika shoka, anakitwanga mpaka saa sita, shoka inakuwa butu, mikono inatoka malengelenge, na kisiki kinamwangalia tu. Kwanza zunguka na jembe. Tafuta mizizi ya pembeni, ifuate mbali, ikate mmoja mmoja. Bakisha ule wa upande unaotaka kiangukie. Mvule usishindane nao. Toboa shimo kwenye kisiki chake, jaza mavi ya ng'ombe makavu, washa, funika na udongo, uache tundu dogo la kupumua. Kitaungua polepole siku nne, tano, kama mzee anayevuta kiko, na wewe unafanya kazi nyingine. Ukienda kuangalia, nenda na fimbo, usikanyage. Moto wa mzizi unatembea chini ya ardhi na hauna adabu. Nina kovu kwenye kisigino, na kila mjukuu wangu ameshaonyeshwa.

Aliyenifundisha haya aliitwa Omuse, mtu wa Amukura. Jicho lake moja lilitolewa na kipande cha mti wa mgunga, na hilo moja lililobaki lilikuwa linaona kuliko yangu mawili. Alikuwa na ng'ombe wawili wa kuvuta mnyororo. Mmoja aliitwa Askari. Wa pili aliitwa Karani, kwa sababu alikuwa mnene na hakupenda kazi. Omuse aliongea na ng'ombe kwa Kiteso na mimi kwa Kiswahili, na alisema ng'ombe wanashika haraka.

Mimi nilikuwa nimetoka kule chini, pwani ya ziwa, kwa Wasamia. Baba yangu alivua, mama alikausha samaki. Nilikuja na baiskeli, panga, blanketi moja na maneno mengi. Watu walisema upande wa Malaba ardhi ni bure, ila mbung'o imefukuza watu. Nikasema mbung'o ni nzi tu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na hakuna ugonjwa mbaya kama huo.

Sasa sikilizeni kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Miaka miwili niliyofanya kazi na Omuse, tukifika kwenye kichuguu, alizungusha ng'ombe. Kichuguu kiwe kirefu kama mtu, kiwe katikati ya shamba kabisa, yeye anazunguka. Mara moja nikamwuliza, "Mzee, hiki hatubomoi?" Akasema, "Achana nacho." Basi. Mimi moyoni nikasema, mzee huyu ni mvivu. Nikapanga kwamba siku nikipata langu, watu wataona shamba limesafishwa mpaka mwisho.

Likapatikana. Mzee mmoja tuliyemfungulia mashamba matatu alinilipa kwa kipande cha kichaka. Tukatembea naye mpaka kwenye mpaka, akanionyesha mikonge iliyopandwa pembeni, tukanywa uji kwake, mambo yakaisha. Katikati ya kile kipande kulikuwa na kichuguu kunizidi kimo.

Na mimi nilikuwa na haraka ya nyumba. Mke wangu, Nabwire, nilikuwa nimemwacha kwa baba yake Funyula, akiwa na mimba. Tulikuwa tumezika wawili kule ziwani, wote kabla ya kutambaa. Nyumba yetu ya kule ilikuwa inaingia maji kila mvua, na watoto walianza kukohoa, wakakohoa mpaka mwisho. Nilimwahidi huyu wa tatu atazaliwa mahali pakavu. Hilo neno nilimwambia mbele ya baba yake. Kwa hiyo nilitaka matofali, na mtu yeyote wa matofali atakwambia hakuna udongo unaoshinda wa kichuguu. Haupasuki, hauchagui maji, ukiufinyanga unashika.

Nikakibomoa. Siku tatu nilikuwa nacho. Siku ya tatu nikafika chini kwenye kile chumba kigumu cha malkia, nikakipasua, nikamtoa. Mnene kama kidole gumba, mweupe, anatetemeka. Nilikuwa na kuku mmoja. Nikampa kuku.

Matofali yalikuwa yamepangwa juani, mvua ya kwanza ya mwaka imenyesha jana yake, nikaona mama mmoja mzee anakuja na njia yangu. Kichwani amebeba fito na majani ya migomba. Akafika kwenye shimo, akasimama.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Mbona umechimba kaburi?"

Nikacheka. "Haya ni matofali, mama. Najenga."

Akashusha mzigo wake polepole. Akazunguka lile shimo lote, akiangalia ndani kama mtu anayetafuta sindano. Kisha akaniuliza, sauti ya chini kabisa, "Mama yao yuko wapi?"

Nikaonyesha kuku kwa mdomo. Nilikuwa bado natabasamu.

Aliangalia yule kuku muda mrefu. Akachukua fito zake na majani yake, akaondoka.  Mimi nikajiambia, huyu mama ana shida ya kichwa.

Jioni nikaenda kwa jirani kuomba moto. Jirani akasema moto umezimika, na mimi naona moshi unatoka jikoni kwake. Nikaenda kwa wa pili. Wa pili hakutoka nje. Nikalala na mihogo mibichi tumboni, na ile siyo chakula, ni adhabu.

Asubuhi Omuse akaja. Akaja bila ng'ombe. Sikuwahi kumwona mtu yule akitembea bila ng'ombe, nikajua kuna neno.

"Ojiambo, umefanya nini?"

"Nimebomoa kichuguu."

"Cha nani?"

"Changu. Si kiko ndani ya shamba langu?"

Akakaa kwenye matofali yangu, akashika kichwa. Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mtu wa hapa alijua isipokuwa mimi. Ardhi inauzwa. Kichuguu hakiuzwi nayo. Kichuguu kina mwenyewe, na anaweza kuwa mtu anayeishi vilima viwili mbali. Kile kilikuwa cha Tata Akisa. Tata ni nyanya kwa Kiteso. Alipewa na mama mkwe wake siku alipoletwa kuolewa, kama wengine wanavyopewa sufuria. Kila mvua alikuja kukifunika na kutega kumbikumbi, wale mchwa wa mabawa wanaoliwa. Watoto watano aliwalisha kwa kile kichuguu mwaka ambao mtama ulikataa, na wote walipona.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mwenye makosa ndiyo inapiga kelele zaidi.

"Miaka miwili umeniona nikizunguka vichuguu," akasema Omuse. "Wewe una macho mawili, mimi nina moja."

Niliitwa mbele ya wazee. Mkubwa wao aliitwa Emojong, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Mimi nilijitetea sana. Niliwaambia sisi watu wa ziwani tunakula samaki, mimi nitajuaje mambo ya wadudu? Emojong akaningoja nimalize, kisha akasema, "Ziwani, ukikuta nyavu za mtu majini, unazikata utengeneze kamba?"

Nikakaa chini. Kwa sababu ziwani tungemtupa mtu kama huyo ndani ya maji.

Uamuzi ulikuwa huu. Nitafute kichuguu kingine kisicho na mwenyewe ndani ya kichaka changu. Nikitunze, nikifunike, nikipige kwa mikono yangu mwenyewe, na kabla mvua ndefu haijaisha nimpelekee Tata Akisa kikapu kimoja cha kumbikumbi, kijae. Nikishindwa, nipande baiskeli yangu nirudi nilikotoka. "Mtu asiyeweza kulisha jirani," Emojong akasema, "tutakaa naye kwa lipi?" Tata Akisa mwenyewe alikuwa ameketi pale, anachora chini na kidole. Hakuomba adhabu. Hakuomba chochote.

Wiki ileile Nabwire akafika. Mimi mjinga nilikuwa nimetuma salamu kwamba nyumba iko karibu. Alishuka kwenye lori la pamba, tumbo mbele, godoro nyuma. Akaangalia shimo, akaangalia matofali, nikamweleza yote.

"Ulikuja huku kujenga nyumba," akasema, "au kubomoa za watu?"

"Sikujua."

"Hata kwetu Funyula mtoto mdogo anajua. Kichuguu kina mtu, Ojiambo! Wewe ulilelewa na nani, kambare?"

Kisha akakaa kwenye godoro lake katikati ya kichaka, akanishika mkono. Akasema, "Mimi kwa baba sirudi. Na huyu simzai njiani. Tafuta hao wadudu."

Wacha niwape kazi hapa, kwa sababu nyinyi wengi mnanunua kumbikumbi sokoni kwa kikombe na hamjui wanatoka wapi. Kichuguu kilichofichwa na miba utakipata kwa uyoga. Baada ya mvua ya pili, fuata uyoga mkubwa mweupe, mchwa wako chini. Hivyo ndivyo nilivyopata changu, kidogo, kimo cha goti, ndani ya miba ambayo nilikuwa nimepanga kuchoma wiki hiyo. Ukishakipata, fyeka pembeni, fagia kama unavyofagia uwanja wa mama mkwe. Angalia mashimo madogo yanayofunguliwa na mchwa wenyewe, maana wanafungua kabla ya kuruka. Hapo unapinda fito juu yake, unafunika na majani ya migomba na blanketi, ndani kuwe giza, unaacha njia moja tu yenye mwanga. Kwenye ile njia unachimba shimo, unalitandika jani. Kumbikumbi wakitoka wanafuata mwanga, wanateleza ndani.

Lakini hawatoki bure. Wale wa mchana lazima waitwe. Unanyunyiza maji, unapiga vijiti viwili juu ya kipande cha ubao, nao wanadhani mvua imekuja.

Mimi nilipiga. Nilipiga kama mtu anayefukuza moto. Nilipiga saa nzima, jasho linatoka, Nabwire ameketi pembeni anacheka mpaka anashika tumbo. Hakuna hata mmoja aliyetoka. Mara nikasikia sauti nyuma yangu.

"Unaita nani? Wageni wa harusi?"

Alikuwa Tata Akisa. Alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mtu anayepita tu. Na njia ile haikuwa inaenda mahali popote.

"Napiga kama mvua, mama."

"Mvua gani hiyo? Hiyo ni mawe." Akaondoka.

Siku ya pili akarudi, akasimama karibu zaidi. "Unasimama kila nyuki akipita. Mvua inaogopa nyuki?" Akaondoka.

Siku ya tatu nafikiri alishindwa kuvumilia. Alikuja akapiga magoti nyuma yangu, akanishika viganja vyote viwili. Mikono yake ilikuwa mikavu na myepesi kama maganda ya mahindi. Akapiga na mikono yangu. Polepole, sawasawa, bila kupanda, bila kushuka.  Nilikuwa mtu mzima mwenye kifua kama mlango, na nimeshikwa mikono kama mtoto anayefundishwa kula, na sikuona aibu. Mama yangu alikufa mimi nikiwa ziwani. Hakuna mkubwa aliyekuwa amenishika mikono tangu hapo isipokuwa kunigombeza.

Wakatoka. Wachache, kiganja kimoja. Wa kwanza alipotokeza, Tata Akisa aliniachia, akasema, "Usisimame," na mimi nikaendelea peke yangu.

Wacha niseme jambo hapa kabla sijasahau. Majuzi kijana mmoja wa Matayos alikuja na tingatinga kusawazisha kiwanja karibu nasi, wanataka kuegesha matrela. Nikamwona anaelekea kwenye kichuguu, nikasimama mbele yake na fimbo. Akazima injini. "Mzee, boss ameninunulia mafuta ya siku moja," akasema. Nikamwambia, "Basi nenda nyumba tatu za karibu, uulize hiki ni cha nani. Mafuta hayaliwi ukizima." Akaenda, ananung'unika. Nyumba ya pili akakuta mama aliyekuwa nacho. Wakapatana, akazungusha. Ni nusu saa tu aliyopoteza. Nawaambia wote mnaofungua ardhi, kama ni hapa, kama ni kwingine: lundo lolote, mti wa peke yake, mawe yaliyopangwa, kijito kidogo, uliza nyumba tatu. Karatasi ya shamba haiandiki kila kitu. Mimi nimefanya kazi hii zaidi ya miaka thelathini na sijawahi kuona karatasi iliyoandika mchwa.

Turudi. Kichuguu changu kilikuwa kichanga. Mara ya pili tulipopiga kikatoa viganja vinne. Mara ya tatu mvua ya kweli ikaja katikati, ikaharibu kila kitu, tukarudi tumelowa na Nabwire akaanza kukohoa. Kile kikohozi nilikisikia, nikawakumbuka wale wawili wa ziwani. Nilikimbiza nyumba. Matofali yaliyokauka niliyapanga, nikaezeka nyasi upande mmoja, nikamweka ndani, nikawasha mavi ya ng'ombe aliyoleta Omuse. Kikohozi kikakaa siku nne, kikaondoka. Siku hizo nne sikupiga vijiti.

Mvua ikaanza kupungua. Emojong akatuma neno kwamba Jumapili wazee watakuja.

Jumamosi mchana jua lilitoka baada ya manyunyu, jua lile la kumbikumbi, la njano. Nilifunika, nikapiga. Nabwire alinyunyiza maji, amepiga magoti upande mmoja kwa sababu tumbo halikumruhusu kuinama. Tulipiga mpaka jua linaelekea kuzama. Walitoka vizuri kuliko siku zote, wanang'aa mabawa, wanaanguka kwenye jani wanachakarisha kama mvua ya mbali. Kisha wakaisha. Nikafunua, nikamimina kwenye kikapu.

Nusu. Labda nusu na vidole viwili.

Nilikitikisa, nikakigonga chini, nikajaribu kuwapanua na mkono. Nabwire akasema, "Wacha. Unawavunja mabawa."  Yeye akaanza kufunga godoro na kamba. Sikumzuia.

Jumapili walikuja. Emojong, wazee wawili, Omuse na jicho lake, na Tata Akisa nyuma, amevaa kitambaa cheupe cha kanisani. Wakaona nyumba yenye paa upande mmoja, wakaona godoro limefungwa, limeegemezwa ukutani. Nikaleta kikapu. Niliweka chini mbele ya Tata Akisa kwa mikono miwili, nikarudi nyuma nikasimama. 

Emojong akainama, akaangalia. Akaingiza fimbo yake ndani ya kikapu, ikazama kidogo tu, ikagusa chini. Akaangalia wenzake.

Tata Akisa akakaa chini. Akachukua mmoja, akamtoa mabawa kwa vidole viwili, akamweka mdomoni. Akatafuna taratibu, anaangalia kule ambako kichuguu chake kilikuwa. Akachukua wa pili. Watu wote tunamngoja.

"Kimejaa," akasema.

Emojong akakohoa. "Mama, kikapu hiki mimi naona—"

"Emojong, macho yako yamezeeka. Mimi nimetega kumbikumbi kabla hujaota meno. Nimesema kimejaa."

Omuse aligeuka akaangalia mbali, mabega yake yanatikisika. Emojong akaitoa fimbo yake kwenye kikapu, akapangusa mabawa yaliyoshikamana.

Tata Akisa hakuniangalia hata mara moja. Alimwita Nabwire kwa mkono, akamkalisha karibu naye, akamwekea kiganja tumboni, akaacha hapo mpaka mtoto akapiga teke, wote wawili wakashtuka. Akachota kumbikumbi akamtilia mkononi. Kisha akanyoosha kidole upande wa chini wa shamba, kwenye ule udongo mwekundu wa lile shimo.

"Pale," akamwambia, "usipande mtama, ndege watakumaliza. Panda mihogo."

Tukapanda mihogo.